Kura Zilizopanda Treni

Naungama niliyoyafanya kwenye arobaini ya Kulwa, mwigizaji wetu wa Igalula. Kwa kuwa nimesoma chuo kikuu, familia iliniomba nieleze historia ya tuzo ya filamu aliyoshinda, ile ya kwenye televisheni ambayo watazamaji humpigia msanii kura kwa simu. Nikapekua kwenye kompyuta wiki nzima, nikagundua kwamba mwaka ule Igalula haikuwa na mtandao wa simu. Hilo likanitosha. Nikawatangazia waombolezaji kwamba kura zile zilikuwa kiini macho, na mshindi alipangwa.

“Mnaosema mlimpigia kura,” nikauliza, “mlizituma vipi?”

Baba yake Kulwa akainua kichwa. “Simu zetu za kutumia tukienda mjini tulimpa mhudumu wa treni. Alizituma kura alipofika Tabora, akaturudishia simu kwa treni ya kurudi. Wewe ulimuuliza nani?”

“Aliuliza kompyuta, shemeji!” mama mmoja akadakia. Hakuna aliyecheka.

“Basi waambie,” mzee akasema. “Mwanangu alishinda, hakushinda?”

“Alishinda, baba,” nikanong'ona.

“Hawajasikia. Sema kwa sauti ile uliyosemea kwamba alipangwa.”