Kristiana wa Kufungulia Ukumbi

Kristiana alizaliwa Mwimbi, kwa wazazi wakulima wa mahindi na ulezi. Kazi yake mjini Sumbawanga ni kupiga muziki wakati watu bado wanaingia ukumbini. DJ mkuu ni Lwitiko, mtu wa Mbeya. Kristiana hutangulia: hufunga nyaya, hujaribu spika, kisha hupiga nyimbo za taratibu kwa sauti ya chini, ili shangazi wa meza ya mbele aweze kusalimiana na wifi yake bila kupayuka. Nyimbo zinazotamba hazigusi. Hizo ni za Lwitiko. Mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiuma, wageni huingia na makoti yao, naye huwatazama tu. Wakianza kuyavua, anajua ukumbi umeiva.

Jumamosi moja kulikuwa na harusi. Ndugu wa bwana harusi walikuwa wanatoka Kirando, na basi lao lilikuwa bado njiani. Lwitiko naye akapiga simu kutoka Laela.

"Gari limezima. Niko na fundi hapa. Usipandishe muziki kabla sijafika."

Muda ukaenda. Mshereheshaji, Enock, akamfuata kwenye mitambo.

"Kristiana, watu wamepoa. Weka vitu vya sasa!"

"Nikiviweka sasa, kaka, wageni wa Kirando watakuta watu wameshachoka."

"Ukumbi ukilala utajibu wewe."

"Nitajibu."

Akatafuta rumba la zamani lenye magitaa, akaongeza sauti kidogo. Vijana hawakuinua hata macho kwenye simu zao. Lakini babu wa bibi harusi, mzee Fabiani, aliweka soda yake chini, akamshika mkewe mkono, wakaenda katikati. Sakafu ilikuwa tupu, hakuna wa kuwapiga kikumbo. Wazee wengine wakafuata. Kristiana akawapa rumba jingine, na jingine tena.

Basi la Kirando lilifika wakiwa bado wanacheza. Wageni wakaingia wakicheza tangu mlangoni, mabegi mkononi. Hapo simu ikaita tena.

"Siji," Lwitiko alisema. "Injini imegoma kabisa. Endelea mwenyewe mpaka mwisho."

Akaendelea. Akazipiga zile nyimbo ambazo hakuwahi kuzipiga mbele ya watu, na ukumbi wote ukasimama. Enock akawa anamsifu kwenye kipaza sauti kana kwamba hawakubishana.

Jumatatu Lwitiko alimwambia, "Nimesikia habari zako. Tupokezane basi. Harusi hii wewe mkuu, inayofuata mimi."

Kristiana alifikiri kidogo. "Ukikwama nitakushikia. Lakini mwanzo niachie mimi. Kule mwishoni sioni watu, naona mikono tu juu."

Lwitiko hakumwelewa vizuri, ila hakubisha. Walipotengeneza bango jipya la kazi yao, aliagiza jina la Kristiana liandikwe pia, kwa herufi zinazolingana na zake.