Kifuniko cha Pampu ya Pumu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati moja upande wa Haneti, nilipewa chumba cha dawa chenye dirisha dogo. Nikafurahi. Mimi ni mtu wa kukaa ndani, na pale ningehudumia watu bila kutoka.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinieleza pumu kwa ufupi. Mapafuni kuna mirija ya hewa iliyozungukwa na misuli. Pumu ikibana, misuli hukaza na hewa hukosa njia. Dawa ya salbutamoli huilegeza misuli hiyo, mirija ikatanuka. Huwasaidia pia waliochakaa vifua kwa moshi wa kuni.

"Lakini uvimbe wa ndani haiuondoi," alisema. "Huo una dawa yake ya kila siku."

Tulikuwa na vidonge vyake, vinavyotetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio. Zilipokuja pampu za kuvuta, zikiwa chache, mganga aliagiza: "Usipoteze hata mpulizo mmoja kwa maonyesho."

Nikatii kupita kiasi. Nilifundisha kifuniko kikiwa kimefungwa: tikisa, toa pumzi, weka mdomoni, bonyeza huku ukivuta, bana pumzi. Nikajiona mwalimu.

Msimu wa kupura uwele, vumbi likiwa jingi, Mama Mwaja, niliyekuwa nimempa pampu na kumfundisha, aliletwa na binti yake. Kifua kilipiga miluzi na sentensi haimaliziki.

"Shikamoo. Pampu yenu mbovu," binti alisema. "Tangu jana anavuta, hakuna kitu."

"Marahaba. Mama, hebu nionyeshe unavyovuta."

Akatikisa, akatoa pumzi kidogo aliyokuwa nayo, akaibana pampu mdomoni pamoja na kifuniko chake, akabonyeza. Hatua zote sahihi. Zangu.

Nikakivuta kifuniko. Ndani kulikuwa na utando mweupe: dozi zake zote za tangu jana. Nikamwita mganga, tukampulizia tena na tena, mganga akihesabu pumzi za mama na mimi nikiangalia sakafu. Muda ukapita mrefu kabla miluzi haijapungua.

"Mwanangu," Mama Mwaja akasema hatimaye, sentensi nzima bila kukatika, "kumbe ulinifundisha kunyonya plastiki."

Binti hakucheka. Mganga akaniuliza pampu ilikuwa na hitilafu gani.

"Hitilafu ni mimi," nikasema.

Baadaye nilihamishiwa Kondoa, kisha nikastaafia Msalato, ambako sasa kwa uzee hata geti la nyumbani nalifikia kwa shida. Lakini kote nilikofanya kazi tangu siku ile nilitoka nyuma ya dirisha, nikaketi na mgonjwa, na sikumruhusu aondoke mpaka avute mbele yangu.