Moto wa Chumba cha Mbele

Wiki iliyopita nilipita mtaa wa Bertrams, nikaiona nyumba niliyokulia. Imepakwa rangi, imekuwa ofisi. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikiitazama kama mtu anayemtazama shangazi aliyezeeka vizuri.

Ilijengwa enzi za Malkia Victoria, mji huu wa dhahabu, kusini mwa Afrika, ungali mchanga. Baraza yake imezungushiwa chuma kilichosukwa kama lesi, mlango una vioo vyekundu na vya kijani, na dari ni ya bati lenye nakshi za maua. Siku zetu rangi ilikuwa imebambuka, na kila chumba kilikuwa na familia yake. Bibi yangu, mtu wa Tanga, alikaanga vitumbua kule nyuma. Katika chumba cha mbele alikaa fundi cherehani kutoka Lubumbashi na mkewe. Asubuhi tuliamshwa na harufu ya iliki na mlio wa cherehani.

Mwaka mmoja mke wa fundi alijifungua katikati ya baridi kali ya Juni. Mtoto hajatimiza wiki, umeme ukakatika mtaa mzima, hita ikazimika. Jioni fundi alikuja kwetu amemfunga mtoto kifuani ndani ya koti.

"Mama," alimwambia bibi, "mtoto anasikia baridi sana. Midomo inageuka rangi."

Chumbani mwao mlikuwa na meko ya ukutani, yamezibwa kwa ubao tangu kabla yetu. Bibi, aliyezaliwa pwani ambako moto ni wa kupikia tu, akasema ubao ung'olewe. Walipowasha kuni, moshi wote ulirudi ndani, tukatoka tukikohoa.

Nikatumwa kwa jirani, mama mzee wa Kizulu tuliyemwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yake. Alikuja na blanketi begani, akapenyeza ufagio ndani ya dohani, viota vya njiwa vikaanguka pamoja na masizi. Kisha akawasha gazeti na kulishika juu, akieleza, nami nikimfasiria bibi, kwamba dohani hupashwa joto kwanza ndipo ivute moshi. Safari hii moto ulishika. Mke wa fundi akaketi karibu na moto, mwanawe kifuani, na baada ya kitambo mtoto akaanza kunyonya. Fundi aligeukia ukuta akalia kimya.

Gogo alipotaka kuaga, bibi alimvutia kiti.

"Nimewasha moto katika nyumba kama hizi tangu nikiwa msichana wa kazi," Gogo alisema taratibu. "Sijawahi kuketi mbele yake."

Bibi hakungoja nimfasirie. "Keti, dada."

Majira yale yote ya baridi tulihamia pale kila jioni, Watanga, Wakongomani na Gogo na Kizulu chake. Kuta zile nene zilitunza joto hadi alfajiri.

Bibi alirudi kwao akafia huko. Gogo naye hayupo. Mtoto yule sasa ana ndevu. Dirishani niliona watu wakifanya kazi, na chini ya kila meza hita ndogo, kila mtu anaota peke yake.