Wiki Ishirini na Mbili Ukingoni

Siku Mwanajuma alipozikwa, watu walizozana maiti ikiwa bado ndani, jambo ambalo majirani wa Mlandizi hulisimulia hadi leo wakiwa wameshusha sauti. Ndugu zake walikuwa wamekuja na gari la kukodi kutoka Masaki, Kisarawe. Walitaka akalale kwao, kwenye kilima cha mikorosho, alipolala mama yake na bibi yake. Lakini mumewe, Mudathir, fundi pikipiki ambaye kwa miaka thelathini hakuna mteja aliyewahi kumsikia akibishana, alisimama mlangoni akasema mke wake atazikwa shambani kwake kando ya Ruvu, mahali ambapo yeye akiinua macho atamwona.

Saburi, kaka mkubwa wa marehemu, alimsogelea.

"Pale ni mtoni," alisema. "Na mto hauna shemeji."

Mudathir hakujibu, na kwa kutokujibu akashinda. Udongo wa kando ya mto ni laini kama unga wa muhogo. Wachimbaji walimaliza kabla ya adhuhuri, tena wakaisifu ardhi. Vikasimikwa vibao viwili vya mninga, vile tunavyoviita mashahidi, kimoja kichwani na kimoja miguuni, na katikati ukapandwa mche wa mrehani. Watu wa Masaki waliondoka bila kula chakula cha msiba.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Baada ya arobaini nyumba ilinyamaza. Firdausi, binti yao wa pekee, ambaye ana saluni yake Maili Moja, Kibaha, alikuwa akija kila Ijumaa na kumkuta baba yake amekaa kwenye benchi la karakana, spana mkononi, mbele ya pikipiki ambayo wiki iliyopita ilikuwa imefunguliwa vilevile. Mwezi wa kwanza ulipoanza alimletea simu yake ya zamani, akamwingiza kwenye kundi la wapiga picha.

Kundi hilo liliongozwa na Adventina, mwanamke wa Kibaha aliyepiga picha za maharusi hadi magoti yake yakakataa. Kanuni zake zilikuwa chache. Jumatatu asubuhi anatoa neno moja. Kabla ya jua la Jumapili kuzama, kila mtu awe ametuma picha moja ya neno hilo, iliyopigwa wiki hiyohiyo. Wiki hamsini na mbili. Ukikosa moja unatolewa, hata uwe na msiba.

"Baba, ni neno moja tu kwa wiki," Firdausi alimwambia. "Neno moja huwezi kulikosa."

Neno la kwanza lilikuwa Mahali. Mudathir alikwenda shambani asubuhi ya Jumamosi. Aliwatolea salamu watu wa makaburini, akasoma Fatiha, kisha akarudi nyuma hadi ukingoni, kwenye msingi wa saruji wa pampu ya maji ya enzi za baba yake, akapanda juu. Kutoka hapo hadi kaburini palikuwa na hatua kumi. Nyuma ya kaburi ilionekana migomba na kibanda cha kulindia ndege. Akapiga. Picha ilitoka imeinama kidogo, na kwenye kona ya chini iliingia ncha ya saruji na bolti yenye kutu ambayo hakuwa ameikusudia.

Tangu siku hiyo, neno lolote alilopewa alikwenda nalo palepale. Alipopewa Njano, alipiga jani la mgomba lililoangukia juu ya kaburi. Alipopewa Mikono, alipiga mkono wake mwenyewe uking'oa magugu kwenye mrehani. Kivuli, Mistari, Duara, Subira, yote aliyapata ndani ya eneo lisilozidi mkeka wa kulalia. Dotto, dereva wa bodaboda wa Mlandizi na mchekeshaji wa kundi, aliandika kwamba mzee huyu hata akipewa neno Harusi atawaletea kaburi. Watu wakacheka, na Mudathir, akiwa peke yake karakana, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Alishtuka kuisikia sauti yake.

Adventina hakucheka. Wiki ya tisa alimwandikia maneno ambayo Mudathir aliyasoma mara nyingi hadi akayajua kwa moyo: "Mzee Mudathir, umeanza kuelewa. Kila wiki unasogea karibu."

Naye alikuwa ameliona hilo. Katika picha zake kaburi lilikuwa likikua. Mwanzoni lilikuwa kitu kidogo kati ya vitu vingi. Sasa mashahidi yalisimama wazi, ungeweza kuhesabu mipasuko ya mbao. Alidhani mkono wake umejifunza. Tena, jambo ambalo hakumwambia mtu, alidhani ni Mwanajuma anayemvuta kidogokidogo, na kwamba mwaka ukiisha atakuwa amefika mahali ambapo mtu anaweza kumkumbuka mtu wake bila kuumia.

Masika ikaja. Alikuwa akifika amelowa, njia inateleza, simu ameifunga kwenye nailoni, anaifungua kwa dakika mbili tu huku macho yake yako kwenye kioo. Mto aliusikia nyuma ya mgongo wake kama mtu anavyowasikia wapangaji wa chumba cha pili.

Wiki ya ishirini neno likawa Rudi. Adventina aliwaeleza kwamba kila mmoja aende mahali aliposimama wiki ya kwanza, aweke miguu palepale, apige picha ileile, ili waone ni nini kimebadilika.

Mudathir alifika Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Akatoa salamu yake. Akaifungua picha ya kwanza, akaiona ile ncha ya saruji na bolti, akageuka kuutafuta msingi wa pampu. Haukuwepo. Alidhani majani yameufunika. Akaanza kuhesabu kutoka kwenye shahidi la miguuni: moja, mbili, tatu, nne. Hatua ya tano mguu wake ulining'inia. Chini yake mizizi ilikuwa imetokeza kwenye ukuta wa udongo uliomeguka juzi, na chini ya mizizi maji ya rangi ya matope yalipita haraka kama mtu mwenye shughuli zake.

Akarudi nyuma, akaketi. Akazipitisha picha zote kwa kidole, ya kwanza hadi ya kumi na tisa. Wiki baada ya wiki, kaburi linakuwa kubwa. Kila wiki alikuwa amepiga akiwa ukingoni, mto mgongoni. Hakuwa amesogea. Alikuwa amesogezwa.

Alipiga picha ya wiki hiyo akiwa hatua nne kutoka kaburini, akaituma. Adventina akajibu kwamba ni nzuri, ila hakusimama mahali pale pale pa kwanza.

"Pale hapapo," Mudathir aliandika.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa sheikh wa msikiti wa sokoni. Sheikh alimwambia maiti haifukuliwi kwa matamanio, lakini maji yakiitishia inaruhusiwa kuhamishwa, na kwamba aende akawaone wenye ndugu yao kwanza. Mudathir alijua atatumwa huko. Alikuwa ametamani sheikh aseme jambo lingine lolote.

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Masaki, matope yakimfika magotini. Alimkuta Saburi akipalilia chini ya mikorosho. Walikuwa hawajaonana tangu mazishi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Hakukaribishwa kiti. Mudathir alieleza akiwa amesimama, na alipoona maneno hayatoshi, alimpa simu. Saburi alifuta vidole vyake kwenye shati, akazipitia picha polepole, moja moja, kama anayesoma barua ya kesi. Alipofika ya mwisho akarudi ya kwanza, akapitia tena.

"Ulikuwa unapiga picha," alisema.

"Ndiyo."

"Kila wiki."

"Kila wiki."

"Na hukuona."

"Nilikuwa namtazama yeye, shemeji."

Saburi alimrudishia simu. Kama angetukana ingekuwa nafuu. Badala yake alimletea maji ya kunywa, akaenda kumwita mjomba wao mzee, na kabla ya alasiri walikuwa wamekubaliana: Ijumaa watachimba kaburi jipya pembeni ya mama yake, Jumamosi asubuhi watakuja kumchukua. Mudathir ahangaikie vibali.

Akavihangaikia. Barua ya mtendaji, sahihi ya afisa afya, kila karatasi ilikuwa tayari Alhamisi. Katikati ya safari hizo alijaza mchanga kwenye magunia aliyoazima kwa majirani, akayapanga mbele ya kaburi safu mbili. Wiki hiyo neno lilikuwa Ukuta, na picha aliyotuma ilikuwa ya magunia hayo. Dotto aliandika kwamba sasa mzee anajenga, lakini hakuna aliyecheka.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa na neno lake, Utulivu. Tatizo ni kwamba Jumamosi iliyokuwa imepangwa ilikuwa imeshasogezwa wiki moja mbele, kwa kuwa gari lilikwama na mjomba akaugua tumbo. Mudathir hakulalamika. Aliyekuwa amewanyima mtu wao hakuwa na uso wa kuwaharakisha. Alipima tu. Jumanne hatua tatu. Jumatano tatu kasoro. Mlandizi hapakuwa na mvua, jua lilikuwa kali, akaanza kutumaini. Lakini kulikuwa kumenyesha huko juu, milima ya Uluguru, na maji ya huko hufika huku bila wingu. Ijumaa, wakati Masaki wanachimba, ilibaki hatua moja na nusu, na gunia la kwanza lilikuwa limezama.

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri alikwenda shambani akiwa ameshika karatasi zake za kibali kwenye bahasha. Udongo ulikuwa umekatwa wima, mbichi, ukuta mrefu kumpita mtu. Magunia hayakuwepo, mashahidi hayakuwepo, wala mrehani. Ukingo ulikuwa umefika kwenye mgomba wa kwanza.

Pikapu ya Masaki ilifika saa mbili. Walishuka wanaume saba, na majembe, na sanda mpya, na chupa ya marashi. Walisimama kwa mstari wakitazama maji. Saburi akavua kofia yake.

"Ungetuachia," alisema.

Walitafuta kushuka na mto siku hiyo hadi alasiri. Walipata shahidi moja tu, limenasa kwenye matete.

Sasa Masaki kulikuwa na kaburi wazi. Wazee wa huko wanasema kaburi lililochimbwa halilali tupu, litaita mtu. Sheikh aliulizwa kwa simu, akasema hilo si la dini, ni la wazee. Hakatazi, wala hatasimamia. Basi ukakatwa mgomba. Mkataji aliuliza ukatwe urefu gani, na watu wote wakageuka kumtazama Mudathir. Akaweka kiganja chake chini ya kidevu.

"Hapa," alisema. "Alikuwa ananifika hapa."

Waliufunga ule mgomba kwenye sanda, wakauteremsha, wakafukia. Shahidi lililopatikana wakalisimika kichwani. Saburi alikuja akasimama kando yake.

"Piga, shemeji," alisema, bila kejeli. "Si kila wiki unapiga?"

Mudathir alitoa simu, akainyanyua. Kwenye kioo lilionekana tuta jipya, jekundu, limenyooka vizuri, na hakuna kitu nyuma yake ila mikorosho. Akairudisha mfukoni.

Jumapili jua likazama. Jumatatu asubuhi jina lake halikuwemo kwenye kundi. Firdausi alitaka kumpigia Adventina amweleze kwamba baba alikuwa na msiba.

"Mwache," Mudathir alimwambia. "Msiba nilikuwa nao tangu wiki ya kwanza."

Amekwenda Masaki mara mbili. Watu wa huko wanampokea vizuri, wanampa chai na mihogo, na kaburi wamelitunza. Mara ya tatu alifika Mzenga, njiani, akageuza pikipiki. Mgomba huoza upesi, na yeye anajua ni nini kipo mle.

Shambani anakwenda bado, kila Jumamosi, bila simu. Mvua za vuli zimeangusha migomba minne. Anasimama mbali na ukingo, anataka kutoa salamu, na kila mara anasita kwa sababu hajui aelekee wapi: mbele yake, hewani, mahali lilipokuwa kaburi, au upande maji yanakokwenda. Mwisho huelekea upande maji yanakokwenda, akasema maneno yake haraka, kama anayempungia mtu aliye ndani ya gari lililokwisha kuondoka.