Vitumbua vya Wifi na Amana ya Wamarekani

Kabla ya vita vya Wajerumani, sisi wa Malindi tuliijua Marekani kwa vitu viwili tu: nguo ya marekani na mafuta ya taa ya debe. Mimi nilikuwa nikiuza vitumbua barazani kwetu, na ndivyo vilivyotulisha mimi na mama yangu mjane.

Basi wifi yangu, mke wa kaka, mwanamke wa maneno matamu, akawazungukia wapika vitumbua wote wa mtaa. "Mwajichosha bure. Nileteeni makarai yenu niyaweke amana, tupike jiko moja, tuuze bei moja." Wakampa. Mimi nikamwambia, "Wifi, langu silitoi ng'o!"

Akacheka. Asubuhi yake akatandika jiko mkabala na mlango wangu, akauza kwa nusu ya bei yangu. Vitumbua vyangu vikalala mpaka paka wa jirani akavinusa akaenda zake. Ee Mola, hasira niliyokuwa nayo! Nikazima jiko. Nilipozima tu, bei yake ikapanda, na vitumbua vyake vikawa vidogo kama vifungo vya kanzu.

Siku moja nilikwenda kununua mafuta ya taa kwa Muhindi, nikamkuta na gazeti kuukuu, acheka peke yake. Akanieleza kwamba serikali ya Marekani imeivunja vipande kampuni kubwa ya mafuta. Huko wakubwa walizikusanya kampuni za mafuta, za sukari, za kila kitu, chini ya mkono mmoja. Asiyetaka kuingia, wao huuza rahisi mlangoni pake mpaka afunge. Wakulima na wenye maduka madogo wakapiga kelele, ikatungwa sheria.

"Utajiri si kosa, mama," akasema. "Kosa kumfungia mwenzio njia, mnunuzi akakosa pa kwenda."

"Na mkusanyo huo waitwaje?"

Akakuna kichwa. "Kizungu waita 'trust'. Kiswahili chake... amana."

Loo! Niliacha chupa yangu ya mafuta pale pale, nikatimua mbio, buibui lapepea. Wifi alikuwa jikoni na wenzake wote.

"Wamarekani wamesema amana irudishwe!" nikapiga ukelele.

Muhindi alikuwa na maana yake, mimi nikachukua yangu. Lakini kwetu mla amana hata salamu haitikiwi. Wifi akageuka rangi.

"Nani kala amana? Mimi? Astaghfirullah!"

"Basi tupe makarai yetu," mmoja akadakia, na wengine wakamfuata.

"Haya, chukueni! Msije mkanishitaki kwa Wamarekani!"

Kesho yake kila baraza lilifuka moshi. Nami niliwasha jiko, naogopa wateja wamekwisha kunisahau. Wa kwanza kupiga hodi alikuwa wifi, kajitanda kanga, macho chini. Akanunua kimoja, akala kasimama, kisha akanyoosha mkono apewe kingine.

"Wifi," akasema, "vyangu vilikuwa vinanishinda kula hata mwenyewe."