Sauti ya Noor Kwenye Kamashine ka Mfukoni

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakuita mwanangu hata kama ndevu zangu bado hazijajaa, kwa sababu nimeona kitu hujaona, na nikikusikia unauliza dukani ni kamashine gani ka video kako na kelele kushinda zote, mwili wangu unasisimka. Kaa basi. Nitakuambia.

Abti yangu Dahir, ndugu ya mama, alikuja Garissa kutoka Hadado na memori kadi imefungwa ndani ya kitambaa. Ndugu yake mdogo, Noor, alikuwa amezikwa juzijuzi. Na Noor ndiye alikuwa anakamua Adey, ngamia jike mweupe wa familia. Wewe wa mjini pengine hujui: ngamia si bomba ya maji. Mtoto wake akifa, anafunga maziwa, na hafungui mpaka asikie mtu wake. Mtoto wa Adey alikufa na ukame, na tangu hapo alifungua kwa wimbo wa Noor peke yake. Noor anasimama mguu mmoja, chombo iko juu ya paja, anaimba polepole, maziwa yanashuka.

Noor alipokufa, Adey akafunga. Na nyumbani Noor aliacha watoto wadogo, wa mwisho hata kutembea bado, na msimu ule hakukuwa na ngamia mwingine mwenye maziwa. Ngamia asipokamuliwa, kiwele kinakauka, na kikikauka imeisha. Watoto watakunywa nini?

Sasa, simu ya marehemu ilikuwa imekufa, lakini kadi yake ilibaki, na ndani kulikuwa na video moja: Noor akimwimbia Adey, akikamua. Abti akapata akili. Simu yake mwenyewe ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haina video. Yangu chaji inaisha kabla ya adhuhuri, na huko malishoni hakuna stima. Kwa hivyo alitaka kale kamashine ka video kanaingia mfukoni, ka kuchaji na sola, akaweke karibu na sikio la ngamia.

Tukaenda kwa Muriuki, mtu wa Meru mwenye kibanda cha vitu vya umeme pale mtaa wa Galbet. Abti akamwambia anataka yenye sauti kubwa, picha hata ikikosa hana shida.

"Na nani ataangalia, mzee?"

"Ngamia."

Kibanda kizima kilicheka. Kijana mmoja mteja akauliza kama ngamia angependa pia katuni. Nilikuwa nimeshamshika shati huyo kijana, wallahi, abti yangu hachekwi mbele yangu, lakini Abti akanivuta kwa sikio kama mbuzi, akasema tumekuja kununua, si kupigana.

Muriuki mwenyewe hakucheka. Akatoa moja yenye kioo kipana, safi, ungeona hata kope za mtu. Akatoa ingine ya kukaa na chaji siku nzima. Halafu ya mwisho, kitu kibaya sana, kioo kama cha saa ya mkononi, na spika imetokeza nyuma kama jicho la chura. Abti hata hakuziangalia. Alivuka barabara, akasimama kule ng'ambo kati ya bodaboda, akamfanyia Muriuki ishara acheze moja moja. Ile aliyoisikia mpaka huko, ndiyo aliyochukua. Chura. Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Nikamwambia Muriuki, huyu abti yangu ukimpa uwanja atakuchagulia hata ndege.

Tukasafiri mpaka Wajir, halafu lori mpaka Hadado, na tulifika ngamia wakirudi. Abti hakuingia hata nyumbani. Alienda zizini moja kwa moja, akapandisha sauti mpaka mwisho, akabonyeza.

Mwanangu. Ilikuwa sauti ya Noor. Si wimbo peke yake, hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza. Nilishika uzio wa miiba na sikusikia maumivu.

Adey akainua shingo. Akaja mbio, nikasema alhamdulillahi, amekubali. Akampita Abti. Akanusa kamashine, akakaacha, akaanza kuzunguka zizi akilia, anaangalia nyuma ya huyu, nyuma ya yule. Alikuwa anamtafuta.

Nikageuka, nikamwona Habiba, mke wa Noor. Yuko ndani ya eda, nguo nyeupe, amekuja mbio bila viatu, na nyuma yake mtoto anaita "Aabo, Aabo," yaani baba, baba. Na uso wake, mwanangu. Nilitegemea kilio. Ulikuwa uso wa furaha. Kwa ile dakika alidhani Noor amerudi. Halafu akaona kile kitu mkononi mwa Abti, na mimi nikaiangalia ile furaha ikitoka usoni mwake. Mpaka leo naiona.

Mimi nina mdomo, unanijua. Siku hiyo niliinama tu, nikamwinua yule mtoto asikanyage miiba.

"Dahir," alisema, "ungeniambia kwanza."

Abti akasema alitaka watoto wapate maziwa. Akasema mara mbili, ya pili haikusikika vizuri.

"Najua ulitaka nini. Lakini huyu mnyama umemdanganya, na mimi pia."

Akanyoosha mkono. Akaangalia video yote amesimama, kioo karibu na pua kwa vile kilivyo kidogo, halafu akairudisha.

"Noor hakuwa anaimba mfululizo. Anaimba, ananyamaza, anasikiliza vile Adey anapumua. Hii kitu haijui kunyamaza. Enda nayo mbali, mahali sitasikia. Ukirudi, njoo na wimbo mdomoni, si mfukoni."

Abti Dahir, mtu anayefokea hata chifu, alienda. Kila mchana alikuwa chini kwenye laga, ule mto uliokauka, na kile chura, akirudi jioni anaimba kama mtungi uliopasuka. Habiba anasimama nje ya uzio, amegeuza mgongo, anamwambia "ngoja," halafu "sasa." Adey alimpiga Abti teke. Alimpiga tena. Halafu asubuhi moja akatulia, akatanua miguu, na maziwa yakashuka, kidogo tu, povu chini ya chombo. Abti alikuwa analia, na bado anakamua. Hakuna mtu alimcheka.

Kale kamashine Habiba alikaomba, na anako. Anakafungua saa gani, hiyo si kazi ya mtu.

Basi wewe unayechagua ka video ka mfukoni, angalia chaji, angalia kioo, sawa, hata sauti angalia. Lakini kabla hujaweka ndani sura ya mtu na kuifungulia hewani, enda kwa wenye mtu huyo, ukae chini, uwaulize. Hasa kama amekufa. Usiseme nia yako ni nzuri. Nia ya Abti ilikuwa nzuri kabisa, na ilimkimbiza mjane juu ya miiba.

Allah akuhifadhie watu wako wakiwa hai, sauti zao uzisikie kwa vinywa vyao wenyewe miaka mingi. Na siku utakayobaki na sauti peke yake, akupe jirani wa kubisha hodi kwanza. Amin.