Nilivyozimia Stesheni ya Changamwe

Nitawasimulia, lakini mkianza kucheka kabla sijafika mwisho nanyamaza, maana mkasa huu nikiukumbuka hata leo natamani ardhi ipasuke inimeze, na si kwa ajili ya aibu peke yake (aibu nimeizoea, sura yangu mwaiona) bali kwa kuwa siku ile nilipoteza kitu ambacho sikukipata tena.

Ilikuwa Ramadhani, vita vikubwa vimekwisha lakini mchele bado twaupangia foleni, nami nilikuwa nimekwenda Kampala kupumzika kwa kaka yangu, wiki tatu za kula na kulala, kisha nirudi Changamwe nikaoe. Mchumba wangu alikuwa Zuhura binti Athumani, na ndoa ilipangwa Idi pili. Kaka alikuwa asafiri nami ila akashikwa na kazi, basi nikapanda gari moshi peke yangu, daraja la tatu, nina sanduku la nguo za bi harusi na kuku mzima ambaye shemeji alimkaanga kwa ndimu na kitunguu thomu mpaka akakauka, akaniambia huyu atakufikisha kwenu bila kuharibika.

Sikufunga. Msafiri ana ruhusa ya kula na kuzilipa siku zake baadaye, hilo kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua, kwa hiyo toka Kampala mpaka Nairobi nilikula mbele za watu bila wasiwasi wowote, na walioniona wote wakateremka Nairobi. Mapaja mawili nikayaweka ya asubuhi ya mwisho, nikalala njaa kwa kuyatunza (ubahili huo nao ulichangia).

Alfajiri, Voi, akapanda mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na tasbihi mkononi, jina lake Mzee Bakari, akaketi mkabala nami.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Kampala. Narudi kwetu Changamwe."

"Safari yote hiyo peke yako?" Akanitazama kwa huruma. "Na umefunga?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Mzee Athumani, babake Zuhura, alikuwa hasikii la mtu msikitini kwetu kwa kunisifu kwamba mkwe wake huyu hajaacha saumu tangu utoto wake, nami nikajiambia, mzee wa tasbihi kama huyu hakosi kujuana naye, habari zitafika kabla yangu. Angekuwapo kaka angenikanyaga mguu ninyamaze. Hakuwapo.

"Nimefunga, mzee."

"Mashallah!" Akageukia behewa zima. "Jamani, mwamwona kijana huyu? Amefunga toka Uganda!"

Basi nikawa walii. Mama mmoja Mgiriama aliyekuwa akimmenyea mwanawe ndizi akanipa mgongo ili asinitamanishe, na mtu mwingine akarudisha muhogo wake mfukoni, na kila kituo mzee ananipa pole, nami naipokea kwa unyonge wa mtu mwema huku kifurushi cha kuku kiko chini ya miguu yangu kinanukia.

"Harufu hii ya kuku yatoka wapi?" akauliza Mzee Bakari.

"Sijui, mzee," nikasema, na tumbo likanguruma mpaka mtoto wa yule mama akageuka kuangalia.

Tulipofika Mazeras nikashindwa. Nikaficha kifurushi ndani ya kanzu, nikaenda chooni, nikatia komeo, nikala paja la kwanza nimesimama kwenye choo kile kilichorowa, na wallahi sijapata kula kuku mtamu kama yule. Tukapita Miritini. Nikajua Changamwe ndiyo inayofuata, na kwa kuwa bado nina njaa nikauma paja la pili huku mkono mwingine navuta komeo. Halitoki. Nikavuta, nikasukuma, nikapiga kwa kiwiko. Limepinda.

"Mwanangu, u mzima?" Mzee Bakari, mlangoni.

Nilitaka kujibu. Mdomo umejaa. Nikanyamaza nitafune kwanza, nacho kimya kile kikaniua.

"Jamani, hajibu! Amezimia! Saumu imemzidi!"

Gari likasimama Changamwe. Humo ndani nikasikia yote: mzee anaita dirishani, saidieni, kuna kijana wa hapa hapa Changamwe amefunga toka Kampala, amezimia; kisha mama yangu, aliyekuja kunipokea, akapiga ukemi, halafu sauti ya Mzee Athumani, aliyefuatana naye, "Huyo ni mkwe wangu!" Gadi wa stesheni akaja na chuma kuvunja mlango. Nami, badala ya kutupa kile kipande cha kuku nje, nikakitia mfukoni, na badala ya kusimama kama mtu mzima, nikalala sakafuni kwa kanzu yangu nyeupe, nikafumba macho. Nikazimia.

Wakanibeba watu wanne mpaka nje. Mama akanipepea kwa leso, analia, na Mzee Athumani akaketi chini pale kwenye jukwaa, akanilaza kichwa mapajani mwake. "Mwaona," akawaambia watu, "huyu ndiye niliyempa binti yangu." Tone la chozi likaniangukia shavuni. Wenzangu, hapo nilitaka kufa kweli. Mtu yule alikuwa ananipenda, nami nimelala mapajani mwake nanuka thomu.

"Mbona kanzu ina mafuta?" akauliza gadi.

Mkono wa mtu ukaingia mfukoni mwangu. Sikuhitaji kufumbua macho kujua ametoa nini, kwa jinsi mama alivyoacha kulia ghafla.

"Fumbua macho," akasema Mzee Athumani, taratibu.

Nikafumbua. Gari lilikwisha ondoka, nalo lilimwacha Mzee Bakari, aliyeteremka kunisaidia mimi, na safari yake ilikuwa ya Likoni. Alikishika kikapu chake, ananitazama.

"Mwanangu, hata mimi sikufunga," akasema. "Nina mikate yangu humu toka Voi. Niliona haya kula mbele yako."

Nikaketi, nikasema kwa kasauti kadogo kwamba msafiri ana ruhusa.

"Ruhusa unayo," akasema Mzee Athumani. "Nani alikukataza kula? Lakini nijibu hili. Mtu anayedanganya kwa jambo la halali, siku akifanya la haramu atamwambia nini binti yangu?"

 Akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda zake kwa miguu.

Nilituma wazee. Kaka akaja kutoka Kampala kwa ajili hiyo. Mama alikwenda mara tatu kumwomba, na kila mara mzee alimkaribisha vizuri, akampa kahawa, hakumtolea neno baya, akamwuliza swali lile lile. Idi pili nilijifungia ndani na sanduku la nguo za bi harusi, nikasikiliza watoto wa jirani wakipita na nguo zao mpya. Jioni mama akaniletea salamu za Zuhura.

"Asema habari ya kuku asingeijali," akasema mama, hanitazami. "Asema babake alimwuliza na yeye lile swali, akataka kukutetea, akakosa la kusema."

Mwaka uliofuata Zuhura aliolewa Kisauni. Nami niliapa kwamba sitajipamba tena kwa uongo, hata uwe mdogo namna gani, na kiapo hicho nimekishika: mtu akiniuliza umefunga, namwambia kweli yangu, akitaka anicheke. Lakini yule niliyetaka anione nikikishika yuko kwa mumewe, na hana haja ya kujua.